Treni za Ulaya kwa hela ya kuungaunga: tiketi ya kununua kwanza na ya kuacha

Mpwa wangu alipata viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi nyingi za Ulaya) ya siku 30, kuingia mara moja. Jioni ileile akanitumia picha ya skrini: ukurasa wa malipo wa pasi ya treni (tiketi moja ya kupandia treni za nchi 33 kwa siku ulizolipia), namba za kadi ya benki zimeshajazwa, anauliza, "Mjomba, nibonyeze?" Nikamwambia asibonyeze. Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima, na mengi niliyomwambia ndiyo haya.

Mimi nilisoma Leipzig, Ujerumani, miaka miwili. Likizo zangu nyingi ziliishia kwenye mabehewa ya daraja la pili, begi mgongoni na mkate wa dukani mkononi. Nimenunua karibu kila aina ya tiketi ninayoitaja hapa, na nyingine zimenitia hasara.

Nimezipanga tiketi hizi kuanzia ya kwanza hadi ya tano kwa unafuu, lakini kabla ya hapo shika mambo mawili. La kwanza ni bei. Kwetu tumezoea nauli iliyopangwa: tiketi ya SGR ya Dar kwenda Dodoma, ukikata wiki mbili kabla au siku moja kabla, kiti cha daraja lilelile ni bei ileile. Treni za masafa marefu za Ulaya zinauzwa kama ndege. Viti vya mwanzo ni bei ya kutupa, halafu siku inavyokaribia bei inapanda, na inaweza kufika mara tatu ya ile ya mwanzo. Treni za mikoani, zile zinazosimama kila kituo, nyingi bei yake haibadiliki hata ukinunua dakika tano kabla ya kuondoka.

La pili ni viza, na hapa ndipo ushauri wa Wazungu haututoshi. Wao hawana cha kusubiri ubalozini. Sisi tunalipa euro 90 za maombi bila uhakika wa kupewa. Usinunue tiketi isiyorudishiwa hela kabla pasipoti haijarudi mkononi mwako. Na ukishaipata, soma imeandikwa kuingia mara ngapi. Kama ni mara moja, ukikatiza kwenda Belgrade au Sarajevo umetoka nje ya Schengen na hurudi tena. London nako kuna viza yake, hata kama treni ya kutoka Paris inafika kwa saa mbili na kitu.

1. Tiketi za mapema, kipande kwa kipande

Kwa mtu mwenye wiki tatu, miji mitano au sita na tarehe anazozijua, hii ndiyo nafasi ya kwanza bila ubishi. Unanunua kila safari peke yake, miezi miwili au mitatu kabla, moja kwa moja kwenye tovuti au programu ya shirika la treni lenyewe. Tovuti za watu wa kati nyingi zinaongeza ada, na tatizo likitokea kila upande unakurushia upande wa pili.

Ujerumani, shirika la treni la Deutsche Bahn wana bei za mapema zinazoitwa Sparpreis na Super Sparpreis. Austria wana Sparschiene. Prague kwenda Vienna, RegioJet wenye treni za njano mara nyingi huuza chini ya euro 25, na hiyo ni safari ya saa nne. Hispania ndiko raha ilipo: kati ya Madrid na Barcelona kuna Renfe, shirika la taifa, kuna Ouigo ya Wafaransa tangu 2021, na kuna Iryo tangu mwishoni mwa 2022. Wote wanagombania abiria walewale, nasi tunafaidi. Italia vivyo hivyo, Italo na Trenitalia wamekuwa wakishindana tangu 2012.

Angalia begi lako tu. Ouigo ya Ufaransa inakupa begi dogo la kabati na mkoba wa mkononi; begi kubwa la mgongoni linalipiwa, na ukilipia siku ya safari ni ghali kuliko ukilipia wakati wa kununua. Hispania mizigo inapitishwa kwenye mashine kabla ya treni za kasi, kwa hiyo fika nusu saa mapema.

Sasa niseme hasara yangu, kwa sababu ndiyo inayowapata wengi. Nilikuwa na safari ya kubadili treni njiani. Nikaona tiketi mbili za makampuni mawili tofauti zinanipunguzia euro 11 kuliko tiketi moja ya safari nzima. Kati ya treni na treni niliacha dakika 25. Treni ya kwanza ikasimama porini, mvua inanyesha, hakuna tangazo kwa dakika 40. Nilipofika kituo cha kubadilia, jukwaa lilikuwa tupu. Kampuni ya pili ilinijibu kwamba kuchelewa kwa treni ya watu wengine haikuhusu, na ilikuwa na haki. Nililipa euro 64 za tiketi mpya.

Kwa hiyo: kama unabadili treni, tafuta tiketi moja inayobeba safari nzima. Kwa Sparpreis, kwa mfano, umefungwa kwenye treni uliyochagua, lakini ikionekana utafika ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinaondoka na unapanda treni nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa pia robo ya nauli ukichelewa kufika kwa saa moja hadi mbili, na nusu ukizidi saa mbili. Dai, hata kama ni euro 8. Na kama lazima ununue tiketi mbili tofauti, acha saa mbili katikati, ule chakula chako kituoni kwa utulivu.

2. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani

Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikafika 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Kwa hela hiyo unapanda treni zote za mikoa Ujerumani nzima, pamoja na mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi za mijini, mwezi mzima wa kalenda. Treni za kasi za ICE hazimo, na treni nyingine za masafa marefu, IC na FlixTrain, pia hazimo.

Nimeipa nafasi ya pili kwa mtu mwenye muda kuliko hela. Berlin hadi München kwa treni za mikoa ni saa tisa au zaidi, wakati ICE inatumia kama nne. Lakini ukikaa Ujerumani wiki mbili na kuzunguka miji ya karibukaribu, hakuna kitu kinachoikaribia kwa unafuu.

Na inakufikisha mpakani. Oktoba moja nilitoka Dresden na treni ya S1, inayofuata mto Elbe hadi kijiji cha mwisho, Schöna. Upande mmoja maji, upande wa pili miamba ya mchanga imesimama kama kuta, ngome ya Königstein juu kabisa. Mbele yangu alikaa bibi mwenye kikapu cha uyoga wa msituni uliofunikwa kwa gazeti. Behewa lote lilinukia udongo mbichi. Alipoona nautazama akafunua gazeti, akanionyesha mmojammoja, huu wa kukaanga, huu wa supu. Ng'ambo ya mto ilikuwa tayari ni Czech. Nikapanda treni ndogo ya kuvuka mpaka hadi Děčín kwa euro chache, halafu ya kwenda Prague. Siku nzima iliondoka, lakini sikuona hata saa moja iliyopotea.

Tatizo lake ni kwamba inauzwa kwa mkataba unaojirudia kila mwezi. Usipoufuta kabla ya tarehe 10, mwezi unaofuata unakatwa tena. Wauzaji wengi wanataka akaunti ya benki ya Ulaya. Tafuta wanaopokea kadi, na weka kengele kwenye simu siku ileile unayonunua.

3. Pasi: Eurail au Interrail

Hii ndiyo mpwa wangu aliyotaka kubonyeza. Kwanza jina: anayeishi nje ya Ulaya ananunua Eurail, anayeishi Ulaya ananunua Interrail. Kinachotazamwa ni makazi, uraia hauhusiki. Mwanafunzi wa Kikenya mwenye kibali cha kuishi Uholanzi ananunua Interrail, na ndani ya nchi anayoishi ana safari moja tu ya kutoka na moja ya kurudi.

Hesabu yake si ngumu. Pasi ya siku 4 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili, bei ya kawaida ni kama euro 280 kwa mtu mzima na 210 kwa aliye na miaka 27 au chini. Gawanya: siku moja ni euro 70, au 53 kwa kijana. Chukua safari zako na uone ngapi zinafika hapo ukinunua mapema. Za mpwa wangu zilikuwa Berlin, Prague, Vienna, Venice. Hakuna hata moja iliyofika.

Halafu kuna gharama inayojificha. Ufaransa, Hispania na Italia, treni za kasi zinadai ulipie nafasi ya kiti juu ya pasi, kati ya euro 10 na 20 kwa safari nyingi, na Eurostar, ile ya Paris kwenda London, inadai 30 au zaidi. Viti vya wenye pasi vina idadi yake. Julai na Agosti vinaisha mapema. Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi, treni nyingi unapanda tu. Huko ndiko pasi inakolipa, hasa Uswisi ambako nauli ya kawaida inatisha.

Inamfaa nani basi? Mtu asiyetaka kupanga tarehe, mwenye safari ndefu za kila siku ya pili, na hasa aliye chini ya miaka 28. Ukiichukua, andika safari kwenye programu ya pasi iliyo kwenye simu yako kabla hujakanyaga behewa. Nilishuhudia kijana amezimikiwa simu, kondakta anamsubiri na mashine yake, na faini ikaandikwa. Tembea na betri ya akiba.

4. Treni za usiku

Hapa unanunua nauli na malazi kwa pamoja. Nightjet za Austria zinakwenda Vienna hadi Roma au Venice, na kutoka München pia. Usichukue kiti cha kukaa kuokoa euro 30. Asubuhi utashuka umechoka na siku ya kwanza mjini itapotea. Chukua kitanda kwenye chumba cha watu sita. Kitanda cha hosteli Roma wakati wa kiangazi kinaweza kuzidi euro 40, kwa hiyo toa hela hiyo kwenye bei ya treni ya usiku kabla ya kulinganisha. Wenye pasi wanalipia kitanda juu, ila safari ikianza kabla ya saa sita usiku bila kubadili treni, inahesabiwa siku moja tu.

5. Kununua dirishani siku yenyewe

Acha, isipokuwa kwa treni za mikoa. Italia ukipewa tiketi ya karatasi ya mkoa, igonge kwenye kimashine cha kituoni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Luxembourg hununui chochote: tangu 2020 daraja la pili ni bure nchi nzima.

Mpwa wangu alinunua tiketi za vipande, jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti, zote kwa euro 118. Ya Venice aliipata kwa 36, baada ya kusogeza safari kutoka Ijumaa jioni hadi Jumanne asubuhi.