Testa iliwaka, taa ikagoma: mwaka wangu na maltimita ya bei nafuu

Chanzo cha yote ni taa ya korido. Niliifunga balbu mpya, haikuwaka. Nikachomoa nyingine iliyokuwa ikiwaka chumbani dakika hiyo hiyo, nayo kimya. Nikatoa bisibisi yangu ya testa, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini, nikagusisha ndani ya holda: kitaa kikawaka vizuri kabisa. Basi umeme upo, nikajiambia, holda ndiyo mbovu. Nikanunua holda mpya, nikafunga, nikawasha. Giza lile lile.

Nilikuwa nimeiuliza testa swali lisilo lake. Ndani ya bisibisi ile mna taa ya neoni na rezista kubwa. Umeme mdogo sana, usiofika hata miliampea moja, hupita humo ukashuka kwenye mwili wako hadi ardhini. Inachojua ni kitu kimoja tu, kwamba waya huu ni wa laivu, yaani ule unaoleta umeme. Njia ya kurudi, yaani nyutro, ikikatika, testa haina habari, itaendelea kukuwakia kwa furaha. Balbu inahitaji njia zote mbili.

Hapo ndipo nilipoamua kununua maltimita, kifaa cha kupimia volti, ampea na ukinzani (jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita). Si ya kifahari: mwili wa plastiki, skrini ndogo ya namba, kitasa cha kuzungusha katikati, waya mmoja mwekundu na mmoja mweusi, betri ya volti 9. Nikaiweka kwenye volti za AC, yaani umeme wa nyumbani, nikapima laivu na ethi (waya wa ardhini) pale kwenye holda: 231. Nikapima laivu na nyutro: 38, mara 45, mara 29, namba zinachezacheza hazitulii. Katika nyumba ya volti 230, jibu limeshatoka. Nikazima meinswichi, nikahakikisha hakuna kitu, nikafungua kisanduku cha maungio darini. Aliyefunga taa ile alisokota waya za nyutro kwa mkono na kuzizungushia tepu. Tepu imekauka, waya mmoja umechomoka. Nikaunga kwa konekta ya skrubu, taa ikawaka. Holda ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye droo.

Jambo moja hapa lilinisisimua mwili nilipolielewa baadaye. Nyutro ikikatika huku balbu ikiwa bado kwenye holda na swichi imewashwa, kile kipande cha waya wa nyutro kinachobaki upande wa balbu hupata umeme kupitia balbu yenyewe. Taa imezima, unadhani hakuna umeme, ukigusa nyutro inakurusha. Ndiyo maana sasa sifungui jointi yoyote kwa kuwa tu taa haiwaki. Naipima kwanza mita kwenye soketi ninayojua ina umeme, napima ninapotaka kushika, kisha narudi tena kwenye soketi ya saketi nyingine kuhakikisha mita haikufa katikati ya kazi.

Sasa niseme ubaya wake, na huu ni mkubwa. Mita hizi zina matundu matatu ya kuchomeka waya. Mweusi hukaa kwenye tundu moja daima. Mwekundu hukaa kwenye tundu la volti, lakini ukitaka kupima ampea nyingi unauhamishia kwenye tundu la 10A. Siku moja nilipima umeme unaotumiwa na tochi ya betri, udadisi tu, nikaiacha mita hivyo hivyo. Kesho yake nikazungusha kitasa hadi volti za AC nikachomeka ncha kwenye soketi ya ukutani.

Mlio ule sijausahau. Cheche, harufu ya kuungua, nyumba nzima giza, ncha ya waya mwekundu imeyeyuka kama mshumaa. Tundu la 10A ndani yake ni kipande kinene cha chuma chenye ukinzani karibu na sufuri, na kitasa hakibadilishi kitu: ukichomeka humo ukagusa laivu na nyutro umepiga shoti kwa mikono yako mwenyewe. Pembeni ya tundu, kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa miwani, pameandikwa kwamba njia hiyo haina fyuzi. Kilichoniokoa ni saketi breka iliyokatika upesi, na vidole vyangu kukaa nyuma ya kile kikingo cha plastiki kwenye mpini. Mita yenyewe ilipona, nilibadilisha waya tu. Lakini kifaa kinachouzwa kwa watu wa kawaida kisingepaswa kuruhusu kosa hilo. Mita za bei ya juu huweka fyuzi humo, na baadhi hupiga kelele waya ukiwa kwenye tundu lisilo lake. Kama unanunua, angalia pia maandishi ya CAT, daraja la usalama la mita, karibu na matundu: CAT II ni kwa vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni kwa nyaya za ndani ya jengo hadi kwenye bodi ya usambazaji. Yangu ni CAT II, kwa hiyo bodi ya breka namwachia fundi.

Kwenye balbu, msaada wake ni nusu nusu. Zile za zamani za uzi unaziweka kwenye alama ya kengele, ikilia uzi ni mzima, isipolia umekatika. Usishangae ukisoma balbu ya wati 60 ukapata ukinzani mdogo kuliko hesabu inavyosema. Uzi baridi una ukinzani mdogo mara kumi au zaidi kuliko ukiwa unawaka. Balbu za LED haziingii katika mtihani huo kabisa. Ndani zina saketi yake, kengele haitalia hata balbu ikiwa mpya dukani. Njia ya kuzijaribu ni ya kizamani: zifunge kwenye holda inayojulikana kuwa nzima.

Taa ya LED ya chumbani ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ukiizima inabaki na mwanga hafifu usiku kucha, kama kimulimuli. Nikapima kwenye holda swichi ikiwa imezimwa: volti 72! Nikaamini kuna waya unavuja ukutani. Kumbe hapana. Mita ya dijitali ina ukinzani mkubwa sana ndani, kwa kawaida megaohomu 10, kwa hiyo hata chembe ya umeme inayoambukizwa kutoka waya wa jirani, au inayopenya kwenye kile kitaa cha kuonyesha swichi iko wapi gizani, inatosha kuipandisha namba. Volti zipo, nguvu nyuma yake hakuna. Ni jambo lile lile la 38 na 45 za korido. Kwangu mimi mkosaji alikuwa kitaa cha swichi. Nilipofunga swichi isiyo na kitaa, mwanga wa kizuka ukaisha. Ila kabla ya kubadilisha chochote hakikisha swichi inakata laivu na si nyutro, maana swichi iliyofungwa kwenye nyutro nayo huleta mwanga wa namna hiyo, na hiyo ni hatari halisi, holda inabaki na umeme muda wote.

Kuhusu taa inayopepesa, mita haikunisaidia hata kidogo. Namba zinabadilika mara mbili tatu kwa sekunde, wakati mpepeso wa umeme wa 50Hz ni mara 100 kwa sekunde. Kamera ya simu ilinionyesha zaidi: mistari ya giza ikishuka kwenye picha. Kosa lilikuwa dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, ya zamani iliyotengenezwa kwa balbu za uzi, imezoea mzigo wa wati 40 kwenda juu, nami nimeipa balbu moja ya LED ya wati 9.

Mahali ilipojilipia kabisa ni kwenye ekstensheni ya jikoni. Plagi ya birika ilikuwa inapata moto, na kwenye tundu kulikuwa na alama ya kahawia. Nikachomeka birika la wati 2000 moja kwa moja ukutani na kupima soketi pacha pembeni: 226. Nikalihamishia kwenye ekstensheni, nikapima tundu la jirani yake: 218. Volti 8 zimepotea njiani, na birika linavuta zaidi kidogo ya ampea 8. Zidisha: zaidi ya wati 60 zinageuka joto ndani ya plastiki ile na waya wake. Pasi ndogo ya kuyeyushia risasi hutumia wati 40! Nilipoifungua, skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea hadi waya umekuwa mweusi. Sikuikaza. Niliitupa, na birika sasa linachomekwa ukutani.

Jambo la mwisho kwa atakayeinunua: alama ya betri ikianza kuonekana kwenye skrini, badilisha siku hiyo hiyo. Betri iliyochoka haiipunguzii mita namba, inaziongeza. Nilipata 261 kwenye soketi nikakaribia kumpigia fundi simu usiku. Betri mpya, 229.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja na nusu nilizopunguza ni kwa sababu ya lile tundu la 10A, ambalo nimeliziba kwa tepu nyeusi.