Kijiko cha nyuma kwenye trekta la loda: kazi nzuri iliyoharibiwa na hozi moja

Kijiko chenyewe, ule mkono wa kuchimbia unaofungwa nyuma ya trekta, sina neno nacho. Karakana iliyokifunga siipi hata nyota moja, na ninaandika haya ili mwenye trekta la shamba lenye loda (baketi ya kubebea) mbele asilipe pesa nyingi halafu apasuliwe valvu.

Ubovu wote umekaa mahali pamoja: pale mafuta yanapotoka kwenye valvu ya loda kwenda kwenye valvu ya kijiko. Matrekta mengi tunayotumia mashambani yana mfumo ambao mafuta hayasimami. Injini ikiwaka pampu inasukuma, mafuta yanapita katikati ya valvu na kurudi tangini muda wote. Ukivuta mkono wa valvu ndipo yanapoelekezwa kwenye silinda. Sasa ukitaka kuongeza valvu ya pili, ile ya kwanza lazima iwe na njia tatu: ya kuingizia presha, ya kurudishia tangini, na ya kupitishia presha kwenda kwa mwenzake. Hiyo ya tatu mafundi wanaiita pawa biyondi. Kwenye valvu nyingi haiko tayari. Unafungua plagi unaweka bushi maalumu yenye uzi na oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji), ambayo inatenganisha njia ya presha na njia ya kurudia. Bushi hiyo inaenea kiganjani. Kila mtengenezaji wa valvu ana yake, na ya huyu haiingii kwa yule, kwa hiyo unasoma namba iliyopigwa kwenye valvu kabla ya kwenda dukani.

Hawa hawakuiweka. Waliichomoa tangini hozi ya kurudishia ya loda, wakaifunga kwenye mlango wa kuingizia wa valvu ya kijiko, basi, wakasema kazi imekwisha. Nilipouliza bushi iko wapi, msimamizi alinijibu mbele ya vijana wake: "Bosi, mafuta ni mafuta, yatapita tu. Kama unajua sana ungefunga mwenyewe." Mteja ameuliza swali la maana kuhusu mali yake, anajibiwa hivyo! Heri angesema hana bushi, ningeitafuta.

Na kweli mafuta yalipita. Hapo ndipo udanganyifu wa kosa hili ulipo. Kwenye uwanja wa karakana unainua mkono mtupu, unageuza kushoto na kulia, unashusha miguu ya pembeni, kila kitu kinacheza vizuri kwa sababu presha ni ndogo. Presha inapanda baketi inapouma ardhi. Matrekta ya ukubwa huu hufanya kazi kwa presha ya kati ya baa 150 na 200, na silinda ya kijiko ikigoma kwenye udongo mgumu, presha hiyo yote inarudi nyuma hadi kwenye njia ya kurudia ya valvu ya loda. Njia hiyo haikuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo. Valvu nyingi haziruhusu upande wa kurudia uzidi baa 20 au 30. Oringi za mwisho wa spuli, kile chuma kinachoteleza ndani ya valvu, zinatapika, na zisipotapika haraka, chuma chenyewe kinapata ufa. Halafu kuna balaa la pili: valvu ya kupunguza presha ya loda inamwaga mafuta kwenye njia hiyo hiyo. Njia ikiwa tayari imejaa presha, nayo inachelewa kufunguka, na anayeumia ni pampu.

Langu lilianza kuvuja mara tu lilipoingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliokauka, huku Morogoro, kwenye mfereji wa bomba la maji wa kina cha mita moja hivi. Mafuta ya moto yaliruka kutoka kwenye ncha za spuli, usawa wa goti la dereva. Baada ya kufunguliwa, ufa ukaonekana kwenye valvu ya loda karibu na mlango wa kurudishia. Valvu ya loda, ambayo haikuwa na tatizo lolote kabla ya kuingia kwenye karakana ile!

Nawaomba madereva: mafuta yakivuja kwa presha msipapase hozi kwa mkono. Tundu dogo kama la sindano linaweza kupiga mafuta ndani ya ngozi, na jeraha hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Tumia kipande cha boksi kutafuta pa kuvujia.

Lakini niseme haki. Fremu, yaani chuma kinachoshikilia kijiko kwenye trekta, waliifunga vizuri, na kwa hilo narudisha nyota mbili. Kuna fundi mmoja mtu mzima pale aliyekataa kata kata kukitundika kijiko kwenye mikono mitatu ya lifti peke yake, na alikuwa sahihi. Mikono ile imeumbwa kuinua na kuvuta jembe. Kijiko kinasukuma, kinanyanyua, kinapinda. Kisipokuwa na fremu kinaweza kukunjika kwenda juu kikambana dereva kwenye usukani. Isitoshe, trekta la shamba halina chesisi kama lori. Injini, kasha la klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti kimoja nyuma ya kingine, na huo ndio uti wake. Ukichimba bila fremu, nguvu yote inakunja trekta katikati, na panapoachana ni kwenye kasha la klachi.

Yule mzee alipitisha fremu chini kwa pande zote mbili, kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vishikio vya loda mbele, hivyo loda na kijiko vikawa vinasukumana kupitia chuma cha fremu, mwili wa trekta ukapona. Alitumia matundu yenye uzi ambayo trekta limekuja nayo. Hakuchomelea chochote kwenye kasha la ekseli, kwa kuwa chuma kile cha kumimina kikichomelewa ovyo kinapasuka, na joto linaua sili za ndani. Bolti ni za daraja 8.8: za milimita 16 alizikaza kwa spana ya torki kama Nm 200, za milimita 20 karibu Nm 400. Akaagiza zikazwe upya baada ya saa kumi za kwanza za kazi. Zilikuwa zimelegea kidogo kweli, maana rangi na kutu chini ya wosha hujibana zikipata mtikisiko. Mikono ya chini ya lifti aliitoa kabisa isigonge fremu, na shafti ya pitio, inayopeleka nguvu za injini kwenye mashine za nyuma, akaivua.

Kukivalisha nako alionyesha ufundi. Unarudisha trekta taratibu kwenye ardhi tambarare, unaunga hozi kwanza, halafu unatumia miguu ya pembeni na mkono wa kijiko chenyewe kujiinua na kujishusha hadi matundu ya pini yalingane. Anayegonga pini kwa nyundo wakati matundu hayajalingana anaharibu bushi za pini siku ya kwanza.

Basi mikono iliyofunga fremu ile inafanyaje kazi jengo moja na iliyofunga hozi zile? Ndipo hasira inaponirudi. Fundi wa pili, wa mahali pengine, alileta valvu nyingine na bushi yake, akavuta hozi ya presha ya nusu inchi yenye nyavu mbili za waya, na hozi ya kurudishia ya robo tatu moja kwa moja tangini kutoka kila valvu. Kwenye hozi za kurudishia hakuweka kapla za haraka (viungio vya kuchomeka na kuchomoa kwa mkono), kwa sababu kapla isiyoingia sawasawa inafunga njia, na unarudi kwenye janga lile lile. Akafanya silinda moja moja ziende na kurudi injini ikizunguka taratibu ili hewa itoke, akaongeza mafuta. Kijiko cha ukubwa huu kinameza lita 10 hadi 15, na karakana ya kwanza haikuongeza hata tone. Kwenye Massey Ferguson za kizamani na nyingine nyingi, mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo ya giaboksi. Yakipungua gia nazo zinakauka, na hozi chafu ikiungwa mchanga unaingia kote.

Niliwapelekea wa kwanza valvu iliyopasuka. Msimamizi yule yule aliigeuza mara moja, akasema nimechimba mwamba. Hakuna mwamba kwenye shamba lile. Hakurudisha shilingi. Zile nyota mbili nazifuta, na fundi wa fremu anisamehe, kwa sababu stakabadhi hatoi yeye.

Kijiko sasa kinachimba vizuri, baketi ya loda ikiwa imelazwa chini na miguu imeshuka. Mwenye loda anayetaka kufunga kama mimi aulize swali moja kabla ya kutoa kishika uchumba: njia ya tatu ya valvu mtaitoa wapi? Wasipoigusa valvu kukuonyesha, ondoa trekta lako.