Seti mpya ya pedeli, kota pini za ugali, na muuzaji anayemtaka shemeji

Nianze na muuzaji, maana bila mdomo wake nisingekuwa na sababu ya kuandika. Duka la spea za baiskeli, maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza, kama mwezi umepita au zaidi kidogo. Nimeingia nimeshika mguu wa pedeli uliokwisha, namuuliza kama seti mpya, yaani gia ya mbele na miguu yake, inakuja na kota pini zake, zile pini za chuma zinazobana mguu wa pedeli kwenye ekseli. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Dada, hii kazi ya wanaume. Mlete shemeji tuongee naye."

Shemeji yupi? Baiskeli ni yangu, lile lichuma jeusi la keria pana, nabebea dagaa kutoka mwaloni Kirumba wakati huyo muuzaji bado amelala. Nikamwambia nipe seti, kota pini zimo au hazimo? "Zimo, imara kabisa." Kumbukeni hilo neno.

Nikafunga mwenyewe, uani, kwa nyundo, spana malaya na kipande cha bomba la maji. Wanaosema kazi hii haiwezekani bila vifaa vya fundi wanatutisha tu. Kuitoa kota pini ya zamani, legeza nati mpaka ilingane na ncha ya uzi, usiitoe yote, ili nyundo isiharibu uzi. Bomba lisimame chini ya mguu wa pedeli, upande ule pini inakotokea, likanyage sakafu, nguvu ya nyundo iishie hapo badala ya kwenda kuziumiza gololi za katikati. Pigo moja la maana. Ukigongagonga kwa woga pini inapinda, halafu ndiyo utamtafuta fundi kweli. Kuingiza mpya, pini ya kulia na ya kushoto zitazame pande tofauti, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja. Na pedeli ya kushoto inakazwa kinyume, kuelekea kushoto. Zimeandikwa L na R kwenye ncha ya chuma, futa grisi utaona.

Yote hayo yalikwenda vizuri, nikaanza kumsamehe yule kijana.

Kisha nikapakia mzigo. Kwenye mwinuko wa kwanza tu, kila nikikanyaga kushoto: ko. Ko. Ko. Nikagonga pini tena, nikakaza nati, kwa sababu kota pini mpya lazima irudiwe baada ya kutembea kidogo. Ko. Nikaitoa. Ule ubapa unaolalia ekseli ulikuwa umebonyea, ukingo wa ekseli umeacha alama kama kucha kwenye ugali. Hicho ni chuma? Kota pini ni kabari, kazi yake yote ni kubana, sasa kabari laini itabana nini?

Nikairudisha. Mbele ya wateja akaniambia, "Si nilikwambia mpe fundi? Umegonga vibaya. Na mali ikishatoka dukani hairudi." Watu wakacheka. Sitataja duka, ila mkifika mtalijua kwa majibu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayepanga nati na bolti juu ya gunia, Mlango Mmoja. "Mwanangu, hebu nione ya zamani." Akaipima kwanza, maana unene unatofautiana, kuna za milimita 9 na za 9.5, na hiyo nusu inatosha kukuharibia siku. Halafu akachukua tupa akaikwaruza ile pini "imara": ikalika kirahisi, unga ukadondoka. Akakwaruza ya kwake, tupa ikateleza. Hakuuliza habari za shemeji. Nyumbani nikausawazisha ubapa kwa tupa, kidogokidogo, mpaka pini ikaingia na uzi ukatokeza wa kutosha kushika nati. Kimya mpaka leo, na mzigo juu.

Sasa haki itendeke: seti yenyewe si mbaya. Gia ya mbele imenyooka, cheni haikwaruzi, miguu haijapinda pamoja na magunia yote hayo. Ningesema nunueni, kota pini mtupe, mkachukue nyingine kwa yule mzee.

Lakini hapana, kwa nini nilipie kitu cha kutupa? Na nimlipe yule? Nikikumbuka alivyocheka nafuta hata hizo sifa za gia. Kama kuna anayeuza gia ya mbele na miguu bila kota pini, hapa mjini au hata Igoma, nielekezeni. Baiskeli ya mdogo wangu nayo imeanza kugonga.