Bastola yangu ya Ceska baada ya miaka 7 Malindi: mng'ao ni mng'ao, kutu ni kutu

Haya jamani, hamjambo. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, watoto wako kwa bibi yao Mambrui, na risasi zote ziko chumba cha pili ndani ya sefu. Mezani hapa hakuna hata moja. Sitaki mtu anitazame leo roho mkononi.

Magazini, kile kisanduku cha risasi, nje. Slaidi, kile kifuniko cha juu kinachoteleza, nyuma. Naangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho, kisha nachomeka kidole kidogo humu, maana jicho lina haraka zake. Tupu. Narudia. Tupu. Sasa tuongee.

Hii ni CZ 75 B, ambayo sisi Kenya tunaiita Ceska tu. Chuma mwili mzima, kama kilo 1 bila risasi, milimita 9, mtutu wa sentimita 12. Mashine yenyewe ilibuniwa mwaka 1975, ndiyo maana ya hiyo 75, na hiyo B ni kile kizuizi cha pini ya kupigia kitako cha risasi, kinachoizuia isisogee mpaka uvute kifyatulio. Plasta mnayoiona hapa pembeni imefunika namba. Namba ni ya mimi na bodi ya leseni, si ya kamera.

Sasa mlionitumia ujumbe mkisema imechoka, sogeeni. Mnaona hapa mdomoni, kwenye kingo za slaidi, rangi nyeusi imetoka chuma kinang'aa kama sarafu? Hiyo ni kazi ya ala, mfuko wake wa kiunoni. Asubuhi inaingia, jioni inatoka, miaka 7. Na hapa juu ya mtutu, penye chemba, kuna alama kama hilali. Hapo mtutu husuguana na slaidi kila inapofunga. Nilipoiona mara ya kwanza niliumia kama mtu aliyekwaruziwa gari jipya. Siku hizi hata siitazami.

Tuifungue. Ceska ina raha yake: kuifungua hakutaki uvute kifyatulio. Unairudisha slaidi kidogo mpaka hivi vistari viwili huku nyuma vielekeane, unasukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia, inatokea kushoto, na slaidi inateleza mbele. Springi hiyo. Mtutu huo.

Kwenye bastola nyingi slaidi hukumbatia fremu, yaani kiunzi cha chini, kwa nje. Hii inapita ndani ya reli, ndiyo maana mnaona mistari hii mirefu inayometameta. Pitisha ukucha. Ukiteleza, huo ni mng'ao tu, vyuma vimezoeana. Ukikwama, pana ukingo uliobinuka au mkwaruzo wa kweli, na hapo unatafuta fundi wa silaha aliyesajiliwa. Si yule kijana wa kuchomelea mageti, hata kama mikono yake ni hodari. Hali kadhalika haya meno mawili juu ya mtutu, yanayoshikana na slaidi: yangu kingo bado kali. Yakianza kuviringika, usishike tupa.

Kipande ninachokikagua kwa lenzi ni hiki kizuizi cha slaidi. Kidogo, lakini kila risasi inayotoka, mtutu unagonga pini yake. Kwa Ceska ndicho kipande kinachojulikana kuvunjika. Angalia hapa pini inapokutana na mkono wake, ukiona mstari mwembamba kama unywele, futa mafuta kwanza. Mstari ukifutika, ulikuwa masizi. Ukibaki, ni ufa, na bastola hiyo haifyatuliwi tena mpaka kibadilishwe.

Jambo jingine kwa wenye B: msizoee kuvuta kifyatulio bila risasi ndani mkiwa mnatazama mpira. Kuna kipini kidogo kinachoishika pini ya kupigia, nacho hupinda kwa mchezo huo. Tumieni risasi bandia za mazoezi.

Ila niwaambie ukweli, mimi kwa mwaka sifyatui risasi nyingi. Uwanja wa shabaha uko mbali na risasi si bei ya mchele. Kwa hiyo yangu haijachakazwa na baruti. Imechakazwa na kiuno changu. Nalipa vibarua taslimu, nashinda juani upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, jasho linatiririka, na jioni narudi nyumba ambayo upepo wa kusi ukivuma, kioo cha dirisha ukikilamba asubuhi kina munyu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kuulaza juu ya chuma. Bawaba zenu za madirisha mnazijua.

Mwaka wa pili nilinunua ala ya ngozi, duka silitaji. Nzuri, inanukia. Nikawa nalaza bastola humo humo ndani ya sefu. Miezi mitatu baadaye nikafungua skrubu ya mshikio, moja kila upande, nikauondoa. Subiri niwaonyeshe. Hapa. Mnaviona hivi vidoa kama tundu za sindano? Nje ilikuwa safi unaweza kujitazama, na huku chini kutu ilikuwa inakula kimya kimya. Jasho liliingia kwenye mwanya wa mshikio, ngozi nayo ikahifadhi unyevu. Niliisugua kwa kitambaa chenye mafuta ikatoka, lakini vishimo vimebaki. Havidhuru kitu mahali hapa. Vingekuwa ndani ya mtutu ningekuwa nasema mengine.

Basi mtutu. Brashi inaingilia upande wa chemba, inatokea mdomoni, ili usiharibu ukingo wa mdomo. Dawa ya kusafishia, ngoja dakika chache, brashi, kisha vitambaa mpaka kitoke cheupe. Vyangu ni vya fulana kuukuu. Weka karatasi nyeupe nyuma ya chemba, chungulia mbele. Mnaiona mifereji inavyozunguka? Safi, haina madoa. Mswaki mkuukuu unapita hapa chini ya ndoano inayong'oa ganda la risasi, masizi hupenda kukaa hapo. Mswaki huo utieni alama. Mama watoto hajanisamehe mpaka leo.

Mafuta: tone kila reli, tone juu ya mtutu, lisambaze kwa kidole, linalobaki futa. Yakizidi, mchanga wetu huu unashikana nayo unakuwa msasa. Usitie kwenye njia ya pini ya kupigia, na ndani ya magazini pawe pakavu. Ami yangu alinishauri mafuta ya nazi. Nampenda ami, lakini nazi asubuhi za Julai huganda chupani, na ikikaa inanata. Ya cherehani ni afadhali, ila mepesi, kwa joto hili yanakimbia. Mimi natumia ya silaha, chupa ndogo inanitosha zaidi ya mwaka. Nje nafuta kila jioni, sekunde 30, iwe nimefyatua au la. Mshikio nautoa kila mwezi.

Narudisha. Mtutu, springi, slaidi, vistari, pini. Magazini tupu ndani, vuta slaidi: imekwama nyuma, vizuri. Natoa magazini, naachia. Naielekeza hapa kwenye gunia la mchanga, nyundo iko nyuma, kufuli ya usalama juu, navuta kifyatulio: haiendi. Vizuri.

Kwa hiyo ningeinunua tena? Ningeinunua, kwa uzito wake unavyotulia mkononi. Kama hupendi kufuta kitu kila jioni na unakaa pwani, tafuta yenye fremu ya plastiki, utalala usingizi zaidi. Naenda kunawa kwa sabuni kabla sijashika chakula, masizi haya yana risasi ya sumu ndani yake, ile madini. Na ala ya ngozi, kwa wanaouliza, yuko nayo shemeji. Anawekea tochi.