Dream Theater au Opeth: albamu ipi inunuliwe kwanza

Vijana wawili wa hapa Moshi, na mwingine wa Arusha niliyekaa naye meza moja harusini, wameniuliza swali lilelile: mtu akiwa na fedha ya albamu tatu tu za metali ya progresivu, yaani roki nzito yenye nyimbo ndefu na mapigo yanayobadilikabadilika, anunue za Dream Theater au za Opeth? Swali lina uzito, kwa sababu Dream Theater ina albamu 16 za studio na Opeth ina 14, na mtu anayeokota yoyote iliyo mbele yake anaweza kuangukia ile isiyomfaa, akauchukia muziki ambao angeupenda.

Jawabu langu ni kwamba kila bendi inunuliwe kwa njia yake, kwa kuwa hazikukua kwa namna moja. Dream Theater, iliyoanzishwa mwaka 1985 na wanafunzi watatu wa chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, imekua kwa kuongeza: nyimbo zilirefuka, vinanda vikapata nafasi kubwa zaidi, gitaa likaenda kasi zaidi, lakini msingi uliowekwa mwanzoni haukung'olewa. Opeth ya Stockholm, Sweden, imekua kwa kuacha, hata ikafika mahali ikaiweka kando sauti ya kuimba kwa kunguruma iliyoijengea jina. Kwa hiyo albamu moja ya Dream Theater iliyochaguliwa vizuri itakuonyesha sehemu kubwa ya bendi hiyo, ilhali mwenye albamu moja tu ya Opeth ana nusu ya habari. Mwenye fedha ya tatu anunue moja ya Dream Theater na mbili za Opeth.

Ya kwanza kabisa ni Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory ya Dream Theater, iliyotoka mwaka 1999. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: Nicholas analazwa usingizi na mtaalamu wa tiba ya akili, akajikuta anakumbuka maisha ya Victoria, msichana aliyeuawa mwaka 1928. Ndiyo albamu ya kwanza ya studio ambayo Jordan Rudess alipiga vinanda akiwa mwanachama wa bendi, naye ni mtu aliyeingia Juilliard, chuo cha muziki cha New York, kusomea piano akiwa na miaka tisa. Ukimsikiliza akifukuzana na gitaa la John Petrucci, utaelewa kwa nini bendi haikutaka tena kurudi nyuma. Kinachonifanya niiweke juu ya zote, hata hivyo, si kasi ya vidole. Katika wimbo wa The Spirit Carries On, kwaya ya injili inapanda nyuma ya sauti ya James LaBrie, na mtu yeyote aliyekulia kwenye kwaya ya usharika hahitaji kufafanuliwa kinachotokea pale. Vivyo hivyo, aliyewahi kupiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, akahesabu mapigo kimoyomoyo akisubiri zamu yake, ataufurahia muziki unaohama kutoka mapigo manne kwenda saba na kurudi, kwa sababu atakuwa anahesabu pamoja na wapigaji.

Albamu hii ina dakika 77, na safari ya Coaster kutoka Arusha hadi Moshi, takriban kilomita 80, inaimeza yote. Nimeianza mara nyingi gari likitoka stendi ya Arusha, nikapita Usa River Nicholas akiwa bado anahangaika na ndoto zake, na mara nyingi tukifika Boma Ng'ombe kwaya inakuwa imeshaingia. Onyo moja ni la lazima: usiinunue vipande vipande, na usikubali kuingiziwa kwenye flashi bila kuhakikisha mpangilio. Mimi niliingiziwa na kijana mmoja wa duka la nyimbo, mashine ikazipanga kwa alfabeti, na kwa majuma kadhaa nikawa nasikia Finally Free, wimbo wa mwisho unaofichua muuaji, ukiwa wa tatu. Nyimbo hizi zimeunganishwa bila pengo, hivyo kila ukimya unaoongezwa kati ya wimbo na wimbo unaikata hadithi mahali ambapo mtunzi hakukusudia.

Ya pili ni Blackwater Park ya Opeth, ya mwaka 2001, na ya tatu ni Damnation ya mwaka 2003. Nazitaja pamoja kwa sababu zinapaswa kununuliwa pamoja. Zote mbili zilipita mikononi mwa Steven Wilson wa bendi ya Porcupine Tree akiwa mtayarishaji, lakini zimesimama pande mbili za mlima mmoja. Katika Blackwater Park, Mikael Åkerfeldt, mwimbaji wa Opeth, ananguruma kama mtu anayeita kutoka ndani ya pango, kisha katika wimbo uleule anaimba kwa sauti laini juu ya gitaa la kawaida lisilo na umeme, na kuhama huko hakusikiki kama hila, kwani huzuni ni ileile katika sauti zote mbili. Sikiliza The Drapery Falls, wimbo wa karibu dakika 11: gitaa la mwanzo linajivuta polepole, uimbaji wa upole unakuzoesha, na mngurumo unapoingia unakuta umeshakubali kuwamo. Msomaji anayeogopa kunguruma aanze na Harvest, ambao hauna mngurumo hata kidogo.

Damnation haina mngurumo wala gitaa zito tangu mwanzo hadi mwisho. Ina dakika 43 tu, na imejaa Mellotron, kinanda cha zamani kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye tepu. Bendi iliitengeneza pamoja na Deliverance, iliyotoka mwaka 2002 na kubeba uzito wote ambao Damnation iliukataa. Hapo ndipo ukuaji wa Opeth unapoonekana waziwazi, kwa sababu miaka minane baada ya Damnation, mwaka 2011, walitoa Heritage na kuuacha mngurumo kabisa, na mashabiki wengi waliudhika. Mwenye Damnation mkononi anajua kwamba mlango huo ulikuwa wazi siku nyingi. Usiisikilizie ndani ya Coaster, maana injini itakula nusu yake. Isubiri usiku wa baridi wa Juni, nyumba ikiwa imetulia.

Fedha ikipatikana tena, ya nne ni Images and Words ya Dream Theater, ya mwaka 1992. Ndiyo ya kwanza kuimbwa na LaBrie, na ndani yake kuna wimbo wa Metropolis ambao Scenes from a Memory ni mwendelezo wake. Sauti ya dramu imezeeka, nakiri, lakini utunzi haujazeeka. Ya tano ni The Last Will and Testament ya Opeth, ya mwaka 2024, ambamo mngurumo umerudi baada ya miaka 16 ya kukosekana katika albamu zao. Inasimulia familia inayosomewa wosia wa baba baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na sisi wa Kilimanjaro, tunaojua jinsi kihamba, yaani shamba la ukoo, kinavyoweza kugawanya ndugu wa tumbo moja, hatutaiona hadithi hiyo kuwa ya mbali. Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, anasikika humo. Baada ya hizo njoo Octavarium ya Dream Theater, ya mwaka 2005, kwa ajili ya wimbo wake wa mwisho wa dakika 24.

The Astonishing ya Dream Theater, ya mwaka 2016, ina dakika 130, na kwangu ni mfano wa kuongeza kulikopita kiasi; isinunuliwe mapema. Anayetaka In Cauda Venenum ya Opeth, ya mwaka 2019, aangalie kwanza lugha, kwa kuwa imetolewa kwa Kiswidi na kwa Kiingereza. Mimi nashauri ya Kiswidi. Tumecheza muziki wa Kikongo miaka yote bila kuelewa Kilingala, na Åkerfeldt anaimba kwa utulivu zaidi katika lugha ya mama yake.

Kuhusu namna ya kununua, faili za kupakua ndizo rahisi zaidi kwa mtu wa huku, kwani hazina gharama ya posta wala ushuru wa forodha, na unaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye simu. MP3 ya ubora wa juu hutumia takriban megabaiti 2.4 kwa kila dakika, hivyo Scenes from a Memory itakula kama megabaiti 185 za kifurushi chako. CD inamfaa zaidi mwenye gari lililotoka Japani: redio nyingi za magari hayo hazifiki juu ya megahezi 90 za FM, kwa hiyo vituo vyetu vingi havishikwi, lakini tundu la CD lipo na kwa kawaida linafanya kazi vizuri. Santuri nawaachia wenye mashine tayari. Na anayenunua mashine ya mtumba kwa ajili ya CD au santuri asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa, kwa kuwa vifaa vilivyotengenezewa soko la Japani hutumia volti 100, na ukikichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 kitaungua kabla hujasikia noti ya kwanza; utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake iingie kwenye hesabu ya albamu zako.