Kipimo cha mkojo cha kukoma hedhi: kisome pamoja na mizani

Pakiti ya kawaida ina vijiti viwili, kila kimoja kwenye foili yake pamoja na kifuko cha kufyonza unyevu. Foili iliyotoboka irudishe dukani, na usihifadhi vijiti bafuni wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana mwisho wake ni nyuzi joto 30.

Kijiti hutafuta FSH, homoni ambayo ubongo huiongeza ovari zinapoishiwa mayai. Vingi vimewekwa kiwango cha miliyuniti 25 kwa mililita. Kazi hiyo ya kuitambua FSH vinaifanya vizuri, takribani mara 9 kati ya 10. Ila FSH hupanda na kushuka hata miaka ya mwisho ya hedhi, na hupanda pia yai linapokaribia kutoka, ndiyo maana cha pili hutumika wiki moja baadaye.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Aliyekunywa maji mengi usiku atapata mkojo mwepesi na jibu la uongo. Chovya bila kuvuka mstari wa kikomo, laza pakavu, soma ndani ya dakika zilizoandikwa. Wengi hukosea hapa: wanakisoma kama kipimo cha mimba. Kwenye mimba mstari hafifu ni ndiyo. Hapa mstari hafifu ni hapana, kwa sababu kila mwanamke ana FSH kidogo. Mstari wa jibu lazima ukolee sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi.

Karatasi ya maelezo mara nyingi haigusi uzito, na hilo ni pengo kubwa. Gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, upate BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Mwenye mita 1.60 na kilo 45 anapata 17.6, mwenye kilo 80 anapata 31. Utafiti wa mwaka 2018 uliounganisha takwimu za wanawake zaidi ya 24,000 ulionyesha kuwa walio na BMI chini ya 18.5 walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kukoma hedhi kabla ya miaka 45, na walio juu ya 25 uwezekano wao wa kukoma wakiwa na 56 au zaidi ulizidi kwa kama nusu. Mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni (homoni ya kike) yake, nayo huutuliza ubongo usimwage FSH nyingi. Kwa hiyo mwanamke mnene anaweza kuwa tayari amekoma na kijiti kikasema bado.

Kwa mwembamba, tatizo ni jingine. Mlo hafifu, mazoezi makali au mawazo huweza kuizima hedhi kutokea ubongoni, FSH ikabaki chini. Kijiti kitasema hujakoma, na kitakuwa sahihi, lakini hedhi haipo na mifupa inadhoofika. Huyo anahitaji daktari, na chakula cha kutosha.

Je, kinafaa kununuliwa? Ukiwa umevuka 45, una joto la ghafla na hedhi inaruka miezi, hifadhi pesa yako: dalili na umri vinatosha, na miezi 12 mfululizo bila damu ndiyo inayothibitisha. Ukiwa kwenye vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili au sindano, jibu lake halina maana. Chini ya 40, kiruke, nenda ukapimwe FSH ya damu mara mbili, kwa nafasi ya wiki 4 hadi 6, pamoja na tezi ya shingo. Anayebaki ni yule wa miaka 40 hadi 45, asiyetumia homoni, uzito wa wastani, anayetaka dokezo kabla ya kwenda kliniki. Naye aanze na kipimo cha mimba.

Damu ikirudi baada ya miezi hiyo 12, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, acha vijiti kabisa. Estrojeni ileile ya mafuta hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi na huongeza hatari ya saratani yake. Nenda hospitali wiki hiyohiyo ukafanyiwe ultrasaundi.