Ajanta na Ellora kwa hela ya mwanafunzi: tulipolala, tulicholipa, na mahali ningelala tena

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una hela kidogo na unataka kuyaona vizuri mapango ya Ajanta, yale mahekalu ya Kibuddha yaliyochongwa mwambani huko Maharashtra, India, lala Fardapur, kijiji cha jirani, walau usiku mmoja. Watakuambia ukilala Aurangabad mjini utamaliza yote. Kwa Ellora, kundi lingine la mapango kama hayo, ni kweli, maana ni kilomita 30 hivi kutoka mjini. Ajanta iko karibu kilomita 100, na umbali huo ndio unaoamua kama utakaa na mahekalu yale au utayapita mbio huku unawaza basi la kurudi.

Mimi nasoma Pune, mji wa jimbo hilo hilo. Watanzania na Wakenya tupo wengi hapa, na wengi tunamaliza shahada na kurudi nyumbani bila kufika Ajanta, wakati ni safari ya basi la usiku tu, kilomita 235 hivi. Kuna pia ndugu wanaokuja Mumbai kumsindikiza mgonjwa, wakabaki na siku za kusubiri majibu. Treni za kutoka Mumbai kwenda Aurangabad zipo kila siku. Nawaandikia hao hasa. Maelezo niliyoyakuta kabla ya kwenda yalikuwa ya watu wenye dola au ya Wahindi wenyewe, na sisi hatumo humo.

Ukitafuta chumba au tiketi, kumbuka kwamba tangu 2023 mji unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar. Watu wa pale bado wanasema Aurangabad, lakini kwenye mtandao majina yote mawili yanatumika, na bei za gesti zikiwa kwenye jina moja huenda usizione kwenye lingine. Tafuta kwa yote mawili.

Sasa, kabla hujauliza bei wala feni, ulizia Fomu C. Sheria ya India inaitaka kila nyumba ya wageni inayompokea mtu mwenye pasipoti ya nje itume taarifa zake serikalini kwa mtandao ndani ya saa 24. Gesti nyingi za bei ya chini hazijajiandikisha, au wenyewe hawautaki usumbufu huo, kwa hiyo mgeni anakataliwa mlangoni hata kama ameshalipia. Ndivyo ilivyotupata mimi na dada mmoja Mkenya ninayesoma naye. Nafasi tulikuwa tumeshaweka, uthibitisho uko kwenye simu, tumefika alfajiri na mabegi mgongoni, kijana wa mapokezi akazigeuza pasipoti zetu mara mbili akasema wanapokea Wahindi tu. Inauma. Inamuuma zaidi mtu mweusi, kwa sababu pale mlangoni huwezi kujua unakataliwa kwa karatasi au kwa rangi. Mtaa ule ule, milango michache mbele, mzee wa mapokezi alituletea chai kabla hata hajauliza majina, akafungua kompyuta yake akajaza fomu taratibu, akatupa na risiti. Tofauti ya nyumba zile mbili ilikuwa ni usajili tu, na ndiyo maana nasisitiza: piga simu mwenyewe, usiiachie programu ya kuwekea nafasi. Uliza wazi, mnapokea pasipoti za nje? Mnajaza Fomu C? Akisita, piga namba inayofuata. Beba nakala za pasipoti na viza, na kama ni mwanafunzi ongeza kibali cha kuishi.

Chumba chetu kilikuwa upande wa stesheni ya reli, rupia 1,100 kwa vitanda viwili, bila kiyoyozi. Shuka zilikuwa zimefuliwa na kunyooshwa, jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza. Feni ilikuwa na nguvu. Bafuni kulikuwa na ndoo, kata na bomba la maji ya moto, lakini maji yenyewe yanawashwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi tu, basi ukichelewa kuamka unaoga ya baridi. Kelele za treni zinasikika usiku kucha na dirisha letu lilitazama ukuta. Kwa bei ile sina kinyongo. Nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano nimeizuia kwa sababu ya mbu. Dawa ya mbu ya kuchomeka ukutani inauzwa duka lolote, nunua kabla ya giza.

Uliza pia habari ya muda wa kutoka. Gesti nyingi za India zinahesabu saa 24 tangu ulipoingia: umeingia saa 1 asubuhi, unatoka saa 1 asubuhi ya kesho yake. Nyingine zinafunga hesabu saa 6 mchana kwa kila mtu. Kwa anayefika alfajiri na basi la usiku tofauti ni kubwa, maana kwa utaratibu wa pili unaweza kutozwa usiku mzima kwa masaa matano ya kulala. Sisi tulichagua ya saa 24, tukaoga, tukapata usingizi kidogo, na saa 4 tulikuwa stendi ya mabasi tunakwenda Ellora.

Halafu angalia siku. Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora hufungwa Jumanne. Mtu akifika Jumapili usiku akafanya Ellora Jumatatu na Ajanta Jumanne, mambo yanakwenda. Akigeuza, amepoteza siku zote mbili na hela ya chumba juu. Jumamosi na Jumapili zimejaa familia na mabasi ya shule, kwa hiyo sisi tulikwenda katikati ya wiki.

Kiingilio cha mgeni ni rupia 600 kwa Ajanta na 600 nyingine kwa Ellora, wakati Mhindi analipa 40. Najua wengi wanalalamika. Mimi naona ni sawa wananchi kulipa kidogo kuona urithi wao, ndivyo ilivyo hata Ngorongoro. Lakini kwenye bajeti ya mwanafunzi lazima uiweke mapema: kila kiingilio ni kama shilingi elfu kumi na saba au na nane za Kitanzania, yaani viingilio viwili vinazidi usiku mmoja wa chumba. Ukikata kwa mtandao unapunguziwa kidogo. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi.

Ellora nitaisema kwa kifupi, si kwa sababu ni ndogo. Ina mapango 34: namba 1 hadi 12 ya Wabuddha, 13 hadi 29 ya Wahindu, 30 hadi 34 ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India. Watu wote wanakimbilia namba 16, hekalu la Kailasa, ambalo lilichongwa karne ya 8 kutoka juu kwenda chini katika mwamba mmoja, na ni haki yao kukimbilia. Sisi tulianzia upande wa Wabuddha na kwa muda mrefu tulikuwa karibu peke yetu. Pango namba 5 ni ukumbi mrefu wenye mabenchi mawili ya mawe ya kimo cha chini yaliyonyooka kutoka mlangoni hadi ndani. Unaona kabisa watawa walivyokaa wakitazamana. Namba 10 dari yake imechongwa mbavu mbavu, jiwe likaigizwa kama boriti za mbao. Namba 12 ina ghorofa tatu, na juu kabisa wamekaa Buddha saba safu moja, saba safu ya pili. Panda hadi juu. Wengi wanaishia ghorofa ya kwanza.

Ukibaki na nusu siku mjini, nenda kwenye mapango ya Aurangabad yenyewe, kule mlimani nyuma ya chuo kikuu. Hayana umaarufu, na bajaji inakufikisha. Pango namba 7 lina Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma wa Wabuddha, amezungukwa na picha za watu wanaomwita wakiwa hatarini: moto, simba, tembo, nyoka, na chombo kinachozama. Mimi ni mtoto wa Tanga, nikasimama mbele ya kile chombo kuliko pengine pote. Miaka 1,400 hivi iliyopita, mbali kabisa na bahari, kuna mtu alijua mabaharia wanaomba nini.

Fardapur ni kijiji cha kando ya barabara kuu, dakika chache kutoka njia panda ya Ajanta. Magari binafsi yanaishia njia panda. Kutoka hapo unapanda basi maalumu kilomita 4 hadi bondeni, na nauli yake na ada ya huduma ni ndogo. Shirika la utalii la jimbo la Maharashtra, MTDC, lina nyumba ya wageni hapo, na kuna gesti chache za watu binafsi. Sisi tulichukua ya mtu binafsi, rupia 900, chumba kikavu, safi, choo cha kuchuchumaa, umeme ulikatika mara moja na ukarudi. Chakula ni cha njia kuu: chapati, dengu, wali, mboga mbili, achari, na wanakuongeza mpaka ukatae. Sitakudanganya kwamba kuna starehe. Ila asubuhi utakuwa njia panda kabla mabasi ya kutoka mjini hayajafika, maana hayo yanachukua saa mbili na nusu hadi tatu, na mapango yanafunguliwa saa 3.

Hiyo asubuhi ndiyo unayoilipia. Pango namba 1 lipo mwanzo tu wa njia, kwa hiyo kila kundi linaingia hapo kwanza, na idadi ya watu ndani ina kikomo. Ukija saa 5 unapanga foleni ili utazame kwa dakika chache na kusukumwa. Sisi tuliingia tukiwa wachache sana. Unavua viatu, sakafu ni ya baridi, na kwa muda huoni kitu, kwa sababu taa ni hafifu kwa makusudi, ili zisiharibu rangi. Kisha macho yanazoea. Kushoto kwa chumba cha Buddha anatokea Padmapani, ndiye Avalokiteshvara yule yule, safari hii kwa rangi ukutani, ameshika yungiyungi, shingo imeinama kidogo, kope zimeshuka. Kope zile zimechorwa kwa mstari mmoja usiotetemeka. Picha hizi ni za karne ya 5, enzi za mfalme Harishena wa ukoo wa kifalme wa Wavakataka, na zimechorwa juu ya udongo uliokandikwa ukutani, ukapakwa chokaa nyembamba, ukaachwa ukauka. Buluu yake inatokana na jiwe lililoletwa kutoka milima ya Afghanistan. Mlinzi, alipoona hatutoi simu, alitusogeza mahali ambapo mwanga unagonga vizuri. Usitumie mwanga wa kamera. Hairuhusiwi, na ukishaona zilivyobaki chache hutataka mwenyewe.

Baadaye tukatembea mpaka mwisho wa bonde, lililopinda kama kwato ya farasi juu ya mto Waghora. Namba 26 ina Buddha amelala ubavu akiaga dunia, urefu wake kama mita 7, na chini ya kitanda wafuasi wadogo wadogo wanalia kila mmoja kwa namna yake. Tulikaa hapo mpaka kundi la kwanza likatufikia. Namba 10 ni ya zamani zaidi, kutoka kabla ya Kristo, na kwenye nguzo yake kuna jina la John Smith, ofisa wa Kiingereza aliyefika tarehe 28 Aprili 1819 akiwinda chui milia. Liko juu kuliko kichwa cha mtu, kwa sababu wakati ule pango lilikuwa limejaa kifusi naye akasimama juu yake. Alilikwaruza juu ya mwili wa mtu aliyechorwa kwenye nguzo hiyo. Lilinikasirisha na bado linanikasirisha.

Mambo madogo yenye faida: njia ina ngazi nyingi, na kwa mzazi asiyeweza kupanda kuna wabebaji wenye viti, mkubaliane bei kabla hajakaa. Wauza mawe ya kumetameta pale njia panda ni wasumbufu. Ukisema hapana kwa upole mara moja na ukaendelea kutembea inatosha. Aprili na Mei joto linapita nyuzi 40. Julai hadi Septemba ni mvua, bonde la kijani na maporomoko yana maji, ila kuta zina unyevu na ngazi zinateleza. Waislamu mkiwa mjini msihangaike na chakula: nendeni mji wa zamani mkaulize naan khalia, mchuzi mzito wa nyama na mikate ya tanuri, sahani inashibisha watu wawili.

Kuhusu kurudi, usirudi Aurangabad kama huna mzigo huko. Anzia mjini, malizia Fardapur, kisha panda basi la kwenda kaskazini hadi Jalgaon, kilomita 60 hivi. Hiyo ni stesheni ya njia kuu, na treni za Mumbai na za Pune zinapita hapo. Viti vya kulala vinaisha mapema, hivyo kata tiketi siku ile ile unayopiga simu za gesti.